Wasifu Niliomwandikia Stoo

Nyumba ya pili baada ya kinu cha kusaga,
S.L.P. 318.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kitinda wetu,

Hujambo, mdogo wangu? Habari za huko, na kazi ya hospitali inakwendaje? Ule mgongo umepoa, au bado unainua wagonjwa peke yako kama vile wodi nzima hakuna mwingine mwenye mikono? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi tu. Likishapata joto anatuacha wote nyuma. Shemeji yako naye hajambo, ila ameanza kuota kipara na hataki kabisa kitajwe.

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi miwili. Usidhani nilizidiwa na shughuli. Nilikuwa na aibu.

Nilikuambia kwenye simu kwamba nimepata darasa la watu wazima, jioni mara mbili kwa wiki, pale juu ya duka la kupiga chapa. Nafundisha kuandika wasifu wa kuombea kazi. Wanafunzi ni kumi na mmoja, na tisa kati yao wamenizidi umri. Yupo dereva wa lori, yupo mama mpishi wa shule ya bweni, yupo fundi cherehani anayeandika huku ameuma ulimi. Kuitwa "mwalimu" na watu wa rika la Mama kulinipanda kichwani, Kitinda. Sikufichi.

Miongoni mwao alikuwapo baba mmoja wa miaka hamsini na mitatu ambaye sote tulimwita Stoo. Alitunza stoo ya kiwanda cha magodoro miaka ishirini na mmoja, mpaka kiwanda kilipofungwa. Mtu wa maneno machache, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, moja ya akiba. Wiki ya tatu alileta tangazo lililokatwa gazetini: ghala la dawa linatafuta mtunza stoo. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Akaandika wasifu wake kwa mkono. Nimeushika kwa moyo: "Nilipokea mali. Nilihesabu mali. Nilitoa mali kwa karatasi yenye saini. Miaka ishirini na mmoja hakikupotea kitu ila godoro moja, na aliyeliiba nilimkamata mwenyewe."

Nilicheka. Si kwa ubaya, lakini nilicheka mbele ya wenzake. Nikamwambia, "Baba, ukipeleka hivi watakuona mshamba." Nikakaa kwenye kompyuta nikaandika upya. Nikamfanya "mtaalamu mbobezi wa mnyororo wa ugavi, mwenye uwezo wa kubuni mikakati ya udhibiti wa rasilimali." Godoro nikalifuta. Alisimama nyuma ya kiti changu akiusoma polepole, midomo ikicheza, kisha akauliza mara moja tu:

"Mwalimu, huyu ni mimi?"

"Ni wewe uliyevaa suti," nikamjibu. Darasa likaangua kicheko. Naye akatabasamu, akaikunja karatasi kwa uangalifu, akashukuru.

Wakamwita kwenye usaili. Nilitembea na habari hiyo kama mtu aliyejifungua. Nilimwambia mkuu wa kituo chetu cha mafunzo, nikamwambia mpaka mwenye duka la chini, kabla Stoo mwenyewe hajaenda.

Vipindi viwili vilivyofuata hakutokea. Mama mpishi, ambaye ni jirani yake, ndiye aliyenivuta pembeni. Alisema walikuwa watu watatu mezani. Mkubwa wao alimwomba Stoo atoe mfano mmoja wa mikakati aliyobuni. Stoo akainamia karatasi kuutafuta. Akaulizwa basi aeleze mnyororo wa ugavi.

"Stoo yetu haikufungwa kwa mnyororo," akasema. "Ilikuwa na kufuli mbili."

Wakacheka. Ndipo akaamua kusema kweli, kwamba maneno yale ni ya mwalimu wake. Yule mkubwa akafunga faili akamuuliza, "Na hiyo miaka ishirini na mmoja, nayo ni ya mwalimu?"

Kesho yake nilikwenda ghalani kueleza kwamba kosa ni langu. Hata sikufika ofisini. Mapokezi waliniambia nafasi imeshapata mtu.

Nikamtafuta Stoo. Nilimkuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi, anashusha saruji, nyusi nyeupe kwa vumbi. Yale niliyopanga kusema njia nzima yakayeyuka. Nikasema tu, "Baba, nisamehe. Nimekuharibia."

Akatua mfuko, akajipangusa. "Najua hukukusudia, mwalimu. Lakini ungeniachia lile godoro. Mtu anayetaja mwenyewe kilichopotea, nani atasema anadanganya?"

Nikamwomba arudi darasani. Akasema atatazama. Nikajua hatarudi, na mpaka leo hajarudi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Angenifokea ningepata pa kushika.

Darasa bado nalifundisha. Siku hizi kalamu zao sizigusi. Juzi mama mpishi aliandika, "Napika chakula cha watoto mia nne, na asiyekula namjua kwa sura." Nikamwambia aongeze mwaka alioanza, basi.

Sasa jambo lako, maana barua hii niliianza kwa ajili yake. Ulipoomba nafasi ya chuo cha uuguzi, uliandika barua yako mwenyewe, kurasa mbili. Nilisoma nusu ukurasa, nikaichana, nikakuandikia nyingine. Walikuchukua, nami nikajisifu miaka na miaka. Tangu siku ile hujawahi kunionyesha kitu ulichoandika, hata hotuba ya harusi yako. Nilidhani umeota majivuno. Nimechelewa kuelewa. Niwie radhi, mdogo wangu.

Mama anakusalimu, anasema ule ushibe. Shemeji yako anakusalimu. Mjomba fundi saa anauliza kila wiki kama utakuja mwaka huu. Nisalimie shemeji yangu na wale watoto wenu mapacha, uwabusu mmoja mmoja ili wasigombane.

Mungu akulinde kazini na njiani, mgongo wako aupe nguvu, na mikono yako iendelee kuwa faraja kwa wagonjwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukosea,

Dada Mkubwa.

N.B. Ile barua niliyoichana, sikufika mwisho wake. Kama bado unakumbuka ulichowaambia, naomba uniandikie. Nitasoma yote.