Mifuko ya Macho na Redio ya Kutazamwa

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha asubuhi. Meneja katangaza: kuanzia tarehe kumi na nane, kamera studio! Wasikilizaji watatuona kwenye simu zao. Miaka yote hii naendesha kipindi cha asubuhi, naamka kabla ya jogoo, watu wanapenda sauti yangu — nani kawahi kuuliza uso? Leo meneja anasema "mwonekano", na kila akilitamka neno anatazama chini ya macho yangu. Halafu anamsifu binti anayesimamia kurasa zetu za mitandaoni, eti kamera inampenda. Nimeelewa. Wananitafutia mrithi.

Nyumbani, moja kwa moja kwenye kioo. Mifuko? Haya ni magunia! Na mashavu nayo yameanza kushuka kuyafuata.

Jumatano, 6 Machi

Matango — wapi! Majani ya chai ya baridi — wapi! Wifi yangu, msusi, kaniapia kwamba siku hizi watu wanapaka dawa ya bawasili chini ya macho, eti mifuko inanywea. Nimepaka. Yamewasha hadi nimelia, yakavimba kuliko mwanzo. Daktari wa kweli angenichapa.

Mume wangu kaikuta tyubu bafuni. Jioni karudi na mto laini, kauweka kwenye kiti changu cha mezani, kanipigapiga bega: pole mke wangu, mbona ulinificha? Nimeukalia. Ningeanzia wapi kueleza?

Ijumaa, 8 Machi

Aibu. Aibu tupu!

Nilimwalika daktari wa ngozi kipindini. Afya ya jamii — nani atanikataza? Nikamwuliza maswali ya "msikilizaji mmoja ambaye hakutaka kujitaja". Msikilizaji huyo alikuwa na maswali hayaishi. Daktari, mama mmoja mtulivu, akayajibu yote akinitazama mimi usoni. Krimu haiondoi mafuta yaliyotuna chini ya jicho. Upasuaji mdogo wa kope la chini unaondoa, ila ni wiki mbili za uvimbe na michubuko. Au sindano ya kujaza lile bonde chini ya mfuko, mfuko usijitokeze sana. Hiyo ni siku chache tu.

"Mwambie huyo msikilizaji atazame juu kidogo," akasema.

Nami nikatazama juu! Fundi mitambo nyuma ya kioo alikuwa hoi kwa kicheko.

Nikafungua simu. Ya kwanza — mama yangu mzazi. Hajawahi kupiga kipindini maishani mwake. "Mwambie huyo msikilizaji wako, hiyo mifuko ni ya marehemu baba yake. Akiitoa, mimi mume wangu nitamwona wapi?"

Hewani! Mimi ninayelipwa kwa kuongea nikakimbilia matangazo. Nikaweka tangazo la mabati. Likaisha, nikaliweka tena.

Jumamosi, 9 Machi

Nimempigia mama nigombe naye. Nimeishia kulia. Nimemwambia ukweli: mama, watanitoa, na mimi kazi nyingine siijui wala siitaki. Kauliza redio imeanza lini kutazamwa. Nikasema tarehe kumi na nane. Akasema upumbavu, akakata.

Jumanne, 12 Machi

Nimeomba likizo ya wiki mbili. Meneja kakubali hata sijamaliza kuomba! Binti wa mitandaoni atashika kiti "kwa muda". Kwa muda, ee? Likizo nimeifuta palepale. Basi upasuaji hakuna. Itakuwa sindano, keshokutwa, ruhusa ya asubuhi moja. Daktari hakunificha: mara nyingine inaacha vinundu. Mifuko au vinundu. Chagua mwenyewe, mama mzima!

Naogopa jamani.

Alhamisi, 14 Machi

Kliniki. Nimechorwa peni ya zambarau chini ya macho yote mawili, utadhani nimeshikwa na watoto wa chekechea. Nasubiri dawa ya ganzi ikolee. Naandika huku nimekodoa. Mlango uko wazi, na mapokezi wamefungulia redio — yetu! Binti yuko kwenye kiti changu. Mchangamfu, habahatishi, anasalimia watu vizuri. Ana kipaji, sikatai. Inaniuma mpaka kwenye meno.

Kafungua simu.

Mama! Tena!

"Mwanangu, una sauti nzuri," anamwambia. "Mungu akuzidishie. Ila hicho kiti usikizoee. Mwenyewe anarudi kesho, awe na mifuko, asiwe nayo."

Binti kacheka, kauliza kwani wewe mama ni nani. Kosa kubwa! Mama hajui kufupisha. Kaanza na siku niliyozaliwa, nilivyolia mpaka wodi nzima ikaamka, baba akasema huyu atasikika. Sijawahi kuambiwa hilo. Muuguzi kaongeza sauti. Wino wa zambarau unanitiririka mashavuni.

Daktari kaingia na sindano. Nimemwinulia mkono asubiri — mama bado yuko hewani.