Mmoja Katika Hawa Wawili

Baba Mwanaidi,

Ulipokuwa hai nilikuwa nikisema maneno kumi unanijibu moja, na hilo moja lenyewe mpaka umalize kutafuna. Kwa hiyo kukuandikia leo wala sioni ugeni. Ila zamani nikimaliza kusema nilikuwa nikisikia ukivuta pumzi upande wa pili wa kitanda, nikajua umesikia. Sasa sijui.

Naandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile alizonifunza marehemu baba, nyuma ya karatasi iliyofungiwa chumvi. Zimebaki siku tatu eda yangu iishe. Miezi yote hii nimekaa ndani, kaburi lako sijaliona, pwani sijaiona, kijiji chetu chote cha Utende nakijua kwa sauti tu. Na eda ikiisha, dada yako Saumu alipanga kutoka Bweni kuja kumchukua Mwanaidi. Nilimpa ahadi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Nataka ujue kwa nini nilikubali, na lipo jambo jingine, baya zaidi, ambalo nimemwambia mtu mmoja tu.

Mwanao hajambo mwili. Miaka tisa ametimiza. Maneno bado ni yale yale matatu: maji, baba, sitaki. Wali ukigusana na samaki hali. Mtu akicheka kwa nguvu anaziba masikio, na asipopata pa kukimbilia anajigonga kichwa ukutani. Wewe ukimkuta hivyo ulikuwa unakaa chini karibu naye, humgusi, humsemeshi, mpaka anyamaze. Mimi namkumbatia kwa nguvu, nampigia kelele, nalia, namwacha, namrudia. Kisha wewe unaingia na kukaa tu, naye ananyamaza! Wallahi siku nyingine nilikuchukia kwa hilo.

Na wewe mwenyewe je? Harusini hukai, ngoma ikianza unaondoka umeziba masikio, mtu mzima na ndevu zako. Mchuzi bakuli lake, wali sahani yake. Njia ya kwenda shambani ni ile ile, hata mnazi ukianguka katikati unaupanda na kuuruka, kuuzunguka huwezi. Nilipokuja kuolewa nilidhani unanidharau. Wenzangu kisimani waliniuliza kama nimeolewa na bubu, nikawajibu afadhali, wao wameolewa na kasuku. Kumbe ndivyo ulivyoumbwa, na Mwanaidi akaja amekufuata, akaongeza na yake.

Watu walipoona mtoto hasemi walinijia mimi. Wewe hakuna aliyekuuliza. Saumu akasema nilikula mayai nikiwa na mimba. Mayai! Mawili tu, na moja lilikuwa bovu nikalitupa. Mwingine akasema nilimcheka kiziwi mmoja wa Jibondo. Yule dresa, mtu wa dawa wa serikali, alipopita akamchungulia masikio akasema mazima, akaenda zake. Nilikuwa nawajibu kwa kejeli, unanijua, lakini wakishaondoka nilikaa jikoni nikayahesabu yale mayai. Miaka yote hii nimekuwa nikiyahesabu.

Sasa nakwambia. Jumatatu ile, kabla hujaugua, Mwanaidi alikuwa amelia tangu alfajiri kwa sababu kata ya maji ilivunjika na mpya haitaki. Wewe nawe hukutaka kula kwa sababu sahani ilikuwa nyingine. Nilikuwa nimesimama uani na ufagio mkononi, mgongo unaniuma, sijapata usingizi siku ngapi sijui. Nikatazama juu nikasema: "Ya Rabbi, nipunguzie mmoja katika hawa wawili, nipate kuvuta pumzi."

Jumanne homa ikakushika. Ijumaa wakakubeba.

Na Mungu anajua nilimkusudia nani. Sikukukusudia wewe. Nilimkusudia mtoto. Mama gani mimi? Nikawa nasema nimeomba kifo nikapewa, ila amechukuliwa asiyekusudiwa, na huyu niliyemchoka nimeachiwa niwe naye mchana na usiku ndani ya kuta nne, ili nijue.

Basi nikajihukumu. Kila aliyekuja kusaidia nikamkataa. Jirani alitaka kumtazama mtoto nioge, nikasema sina shida. Mama yako alitaka kulala naye, nikasema mama, wewe mzee, acha. Niliona huo ndio mzigo wangu, nikimpa mtu ashike hata upande mmoja nitakuwa nakwepa adhabu.

Kosa jingine nililifanya siku ya mazishi. Walipomaliza kukuosha wakauliza nguo zako, maana ni haki ya waosha maiti. Nikasema chukueni zote. Zote, hata sikufungua kasha. Nguo tangu vita hii ya Wazungu ianze hazionekani madukani, watu wanavaa viraka juu ya viraka, nikasema wapate sitara na wewe upate thawabu. Sikukumbuka kwamba mwanao kila asubuhi hakuwa akikushika mkono. Alikuwa akishika upindo wa ile shuka yako ya mistari mpaka kule unakofulia nazi, wewe unafua, yeye anazipanga nne nne. Nilimwona miaka yote akienda hivyo, na nisikumbuke!

Kila asubuhi akasimama mlangoni. Baba. Baba. Mimi siwezi kutoka, yeye hawezi kuelewa eda ni nini. Alikuwa analia mpaka sauti inakauka. Mwezi wa pili wa eda akanitoroka nikiwa najisaidia. Nikasikia watoto barabarani wanacheka, kisha wakanyamaza wote mara moja. Nikachungulia kwenye upenyo wa makuti. Mzee Faki, aliyekuosha, alikuwa anakwenda zake amevaa ile shuka yako, na Mwanaidi amemfuata nyuma ameshika upindo. Kimya. Hakumtazama hata usoni.

Mtu mwingine angemsukuma. Mzee Faki alipunguza mwendo, basi. Akapita msikiti, akapita kisima, akamfikisha mpaka kwenye kifuo chako, kile kijiti cha kufulia nazi, akakaa. Mtoto akapanga nazi za watu wengine nne nne. Kabla ya adhuhuri akamrudisha, akapiga hodi, akasema nje ya mlango: "Mama, mtoto hakunisumbua. Shuka nirudishe, au nije nayo kesho?"

Akaja siku tatu. Siku ya nne nikamwambia asije tena. Watu walikuwa wanasema mtoto anafuatana na mwosha maiti, anaita kifo kingine, nami nikaona aibu. Lakini aibu ilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba hizo siku tatu nilipata usingizi, na niliona sistahili.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nilikuwa naweka chungu motoni nasahau maji. Saumu alipokuja akanikuta nimekaa sakafuni nimevaa nguo kinyume, akasema: "Nipe mimi. Bweni yupo mganga, atampunga pepo kwa ngoma siku saba, akitoka hapo atasema." Nikijua kabisa ngoma kwa mtoto yule ni kama moto. Nikijua wewe ungesimama mlangoni ukasema lile neno lako moja. Nikasema mchukue. Nilisema hivyo kwa sababu niliamini kwangu mimi hayuko salama.

Na juzi nikajithibitishia. Mwanaidi alianza kujigonga tangu asubuhi, mpaka adhuhuri hajaacha, paji la uso linatoka damu. Nikachukua kanga nikamfunga mguu kwenye tendegu la kitanda. Nikajilaza ukumbini nikaziba masikio kama wewe. Nikalala! Mtoto amefungwa kama mbuzi, mimi nimelala.

Nilipofumbua macho mama yako alikuwa amepiga magoti anafungua lile fundo. Mguu umevimba kidogo. Nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane, Baba Mwanaidi, nilikuwa nimejiandaa. Akamsugua mtoto mguu kwa mafuta, akampa vifuu vya nazi avipange, kisha akaja akakaa nilipo. Hapo nikamwaga yote, mayai, na Jumatatu ile, na ufagio, na maneno niliyosema na niliyemkusudia.

Akaokota ile kanga, akaikunja polepole. Kisha akasema: "Mimi nilisema zaidi." Akasema ulipokuwa mdogo hukuwahi kulala, ulikuwa ukilia ukishikwa na ukilia ukiachwa, na baba yako alikuwa akimwambia ni damu ya kwao mbaya. Siku moja mama yako akakupeleka kisimani, akakukalisha ukingoni, akageuza uso akasema: "Akianguka, Mungu kaamua." Akaanza kuhesabu pumzi kumi. Hakuzimaliza, akakushika. Lakini maneno alikuwa ameshayasema.

"Na aliishi," akaniambia. "Alikua, akaoa, akazaa, akafua nazi miaka ishirini. Miaka yote nilikuwa namtazama nikisema leo atakufa kwa maneno yangu, na hakufa. Ilipomkuta homa, ni homa, hata hao Wazungu inawaua. Mwanangu, ingekuwa maneno ya mama aliyechoka yanaua, Mafia nzima isingebaki na mtu."

Akanikataza nisimwambie mtu. Wewe si mtu tena, kwa hiyo nakwambia. Usimkasirikie. Nadhani ulijua. Nadhani ndiyo maana ulikuwa ukimchotea maji mama yako kila siku mpaka mwisho, na kisimani humwachi asogee ukingoni. Au labda hukujua lolote, ni desturi zako tu. Hilo nalo sitalipata jibu lake.

Nilimuuliza yeye alipumzika vipi. Akasema hakupumzika, na ndiyo sababu anasema nami. Akasema alikulea peke yake akidhani anamlipa Mungu deni, na alipokuja kushtuka wewe una ndevu na yeye hakumbuki hata mara moja aliyofurahi nawe ukiwa mtoto. Hata mara moja. Alilia aliposema hivyo, nami sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kukuzika.

Sijapona, nisikudanganye. Asubuhi nikiamka Jumatatu ile inakuja kwanza, kabla hata ya bismillahi. Pengine itakuja hivyo mpaka nifuate ulikokwenda. Nakukosa, nakukosa mpaka namwonea wivu mwanao aliyepata shuka. Lakini Saumu nimempelekea habari Bweni asije. Atakasirika, atasema nina kichwa kigumu, na mayai yatarudi tena, acha yarudi. Mzee Faki nimemwita tena. Jana alimchukua Mwanaidi mpaka kwenye nazi, na leo. Watu wanaongea. Jirani ameanza kukaa naye adhuhuri, nimemfundisha kukaa chini bila kumgusa, kama ulivyokuwa ukifanya; anasahau, anamgusa, wanalia wote wawili, halafu wanaendelea. Mama yako amehamia chumba cha nyuma.

Sasa niage, karatasi inakwisha. Kama lipo la kunisamehe, nisamehe. Kama halipo, nisamehe hivyo hivyo, maana nalihitaji. Na wewe nimekusamehe kunyamaza kwako, na sahani zako, na kufa kwako.

Ahadi yangu ni moja. Siku nitakapochoka, na nitachoka, pengine kesho kutwa, sitasimama uani peke yangu na ufagio. Nitakwenda mlangoni niseme kwa sauti majirani wasikie: nimechoka na mtoto huyu, mshikeni mpaka alasiri. Kisha nitalala. Na nikiamka, atakuwa hai.

Mkeo,
Mama Mwanaidi