Mjomba Kakusamehe

Shoga yangu Zubeda,

Nina habari ya mwanao Salma, habari mbaya, na sijui niiingie vipi. Acha nianze na maziko yako, hayo angalau yamekwisha.

Watu walijaa, wewe! Wa Carrollton walikuja, wa Houston walikuja, hata yule mama aliyekununia tangu harusi ya bintiye alikuja, akalia kutushinda sisi. Baada ya sala, shehe akauliza kama ilivyo ada yetu: yupo aliyekosewa na marehemu? Basi amsamehe. Wanaume wakaitikia kwa pamoja, taratibu. Mmoja tu akapaza sauti, tukamsikia mpaka sisi wanawake nyuma ya pazia. "Mimi nimemsamehe yote!" Nani? Mjomba. Na watu wakamsifu kwa moyo wake mzuri.

Akusamehe nini, mshenzi yule? Kwamba ulimuuliza swali?

Mimi na wewe tunajua si mjomba wa mtu. Ni mwenye kampuni ya kutunza wazee majumbani, basi. Lakini ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege tulipoingia Texas, akatupa godoro la kulalia, akatuandika kazi hapa Mesquite, ubavuni mwa Dallas, kazi ya mchana, jirani na nyumbani, na bima ya afya juu. Mkataba tuliupatana kwa mdomo sebuleni kwake. Nani angemdai mjomba karatasi? Angeonekana hana adabu.

Halafu akafungua ofisi Pearland, kule karibu na Houston, saa nne barabarani. Alikumiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, akakwambia kuanzia Jumatatu unahamia kule, unakesha na mgonjwa wiki nzima, mwisho wa wiki unajirudisha Mesquite kwa gari lako. Tena kuanzia siku hiyo wewe si mwajiriwa wake, eti umejiajiri mwenyewe, kwa hiyo bima hakuna na yatakayokukuta barabarani ni yako. Ukamuuliza, "Mjomba, si tulikubaliana Mesquite?" Ulinisimulia jikoni kwangu huku unakata vitunguu, ukamuigiza anavyojikuna kitambi: "Zubeda, mikataba ni mambo ya Wazungu. Sisi ni ndugu." Tulicheka mpaka ukajikata kidole. Jumatatu ukaenda.

Askari walisema hukugusa hata breki. Ijumaa ile ukirudi Mesquite ulisinzia, ukaingia nyuma ya lori lililoharibika kandoni mwa barabara kuu ya I-45. Salma alipomuuliza Mjomba kuhusu bima, alimshika bega, akamwambia kwa upole kabisa, "Mama yako alikuwa amejiajiri mwenyewe."

Nikaenda kwa wakili, yule binti wa Dallas anayesaidia watu bure. Akaniambia hapa Texas bosi anaweza kubadili masharti ya kesho, ya jana hawezi. Lakini ukiyajua masharti mapya na ukaendelea kwenda kazini kimya, umeyakubali. Kuhusu hilo la kujiajiri, akasema jina si kitu. Sheria inatazama nani anakupangia saa, nani anakwambia uende wapi. Zubeda, wewe hata kwenda msalani ulikuwa unampigia simu! Nilitoka pale nikakaa garini nikatukana matusi yote ya Tanga.

Sasa sikiliza. Hitima yako aliifanya nyumbani kwake. Pilau la nyama, soda, kila kitu. Watu wanakula, yeye ananiita kwa sauti ya upendo: "Asha mwanangu, Pearland utashika wewe. Jumatatu." Bado tunakusomea, shoga! Nikasimama. Nikamwambia sikubali, kazi yangu ni Mesquite kama tulivyopatana, na wote humu ni mashahidi kwamba nimekataa. Nikamwambia msamaha wake akauombe yeye kwa Zubeda.

Unadhani nani alinitetea? Wote waliinamia sahani. Sisi tulio kazini kwake peke yetu tulikuwa zaidi ya nusu ya chumba kile. Shangazi mmoja akaninong'oneza nisimvunjie mzee heshima msibani. Mjomba hata hakukasirika. "Basi pumzika nyumbani, mwanangu," akasema. Ndivyo nilivyofukuzwa kazi, pilau mkononi.

Habari yenyewe ndiyo hii. Sahani hazijaoshwa, akaenda kukaa karibu na Salma. Akamwambia yeye sasa ndiye baba yake. Kodi ya nyumba inamsubiri, chuo kinamsubiri, na mama yake kaacha nafasi wazi. Mtoto kaitikia, "Sawa, Mjomba." Zubeda, mwanao kaanza Pearland. Kwa mgonjwa yule yule, na kitanda ni kile ulichokuwa unajinyooshea wewe. Nilimlilia, nikamwambia akatae kwa mdomo wake kwa sababu mimi siwezi kukataa kwa niaba yake. Akanijibu kwa kile Kiingereza chao, "Auntie, I'm fine."

Nisamehe kwa kukuletea haya huko uliko. Wakili nimeshamwambia na kesi anaifuata, lakini kesi zinakwenda polepole na Ijumaa haimsubiri mtu. Kwa hiyo nakuahidi hivi: kila Ijumaa nitapanda basi mpaka Houston, nitamfuata Pearland, nitakaa naye kiti cha mbele akiendesha kurudi. Nitamsimulia umbea, nitaimba vibaya, nitamfinya paja ikibidi, mpaka tufike Mesquite. Akinichukia na anichukie.

Mungu akulaze pema, shoga yangu. Mwanao hatasinzia.

Asha