Tairi za Kumfuata Dada

Jumatatu, 4 Machi

Haya, bibi wewe, leo umekumbuka njia? Tangu mvua zianze hujaandika hata neno! Mjukuu kajisumbua kukufundisha herufi pale kwenye meza ya jikoni, wewe ambaye shule hukuipita hata uani kwake, halafu unaliacha daftari lijae vumbi. Uvivu mtupu, najisuta mwenyewe. Ningekuwa mama yako ningekufinya.

Basi andika. Barabara ya kwa Dada imekwisha. Mvua imechukua udongo, imetuachia mawe. Na Dada yuko kule juu kilimani peke yake tangu tumzike shemeji, magoti yamekataa mteremko. Nataka nimlete akae kwangu. Chumba cha nyuma nimeshakipaka chokaa. Kubebwa mgongoni hataki — eti yeye si gunia.

Leo mjukuu amejaribu kupanda na pikapu yake. Binti huyu ndiye dereva, hubebea watu mchanga na matofali. Kafika kwenye jiwe moja kubwa katikati ya njia — nga! Gari limekaa juu ya jiwe kama kuku anayeatamia. Karudi kinyumenyume, kanuna.

Nimemwambia: gari lako lina miguu mifupi, tulitafutie viatu virefu. Na upesi. Mvua kubwa bado haijaja, ikija hata hilo jiwe hatutaliona.

Jumatano, 6 Machi

Kwa fundi wa tairi. Wanamwita Upepo, kwa sababu anajaza tairi upepo, na watu anawajaza maneno.

Mjukuu anataka tairi pana, na rimu za kumeremeta. Nikamuuliza: unakwenda kumchukua bibi yako mkubwa au unakwenda kutafuta mchumba? Upepo kacheka mpaka spana imemtoka. Mjukuu naye — wivu tu huo, mke mwenza! Mtoto hana adabu. Nampenda.

Nikasema basi tuinue springi. Upepo kakataa. Springi zinainua bodi tu, anasema. Lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, difu, linabaki pale pale, na ndilo linalogonga jiwe. Ukitaka difu ipande, weka tairi kubwa. Nimeinama nikachungulia mwenyewe. Kweli. Linaning'inia kama tumbo la mlafi.

— Basi funga kubwa kuliko zote!

Nimesema mimi hayo. Kwa sauti. Usije ukamsingizia mtu.

Ijumaa, 8 Machi

Kafunga. Lo! Pikapu imesimama kama mbuni. Wapita njia wanageuza shingo. Mimi kichwa kimevimba, nazunguka gari kama nimelizaa.

Upepo akasema tujaribu na mzigo kwanza, tairi isije ikagusa madigadi, lile bati la juu yake. Mzigo wenyewe uko wapi? Nikaita majirani. Muuza mkaa, fundi cherehani, na mashoga zangu wawili, wote juu! Wanapiga vigelegele kama wanapeleka bibi harusi. Mjukuu kakata usukani mpaka mwisho — krrr! Tairi inasaga madigadi. Muuza mkaa anasema ni huyu fundi cherehani, ashuke, apunguze kula. Mwenzake kamjibu kwamba uzito ni wa vumbi la mkaa, siku akioga gari litapaa.

Upepo anasema anaweza kukata bati kidogo. Kata! nikasema.

Hapo mjukuu kafungua mlango wa mbele. Panda basi bibi, tuzunguke.

Nimeinua mguu. Haukufika. Nikainua ule mwingine. Nimeshika mlango, nimeshika kiti, nimeshika sikio la Upepo. Wapi! Mashoga wakanisukuma makalio, nikabaki naning'inia kama nguo kwenye kamba.

Walicheka. Kisha shoga mmoja akaniuliza: na Dada atapandaje?

Dada ni mkubwa kwangu. Magoti yake ni mabovu kuliko haya. Tumetengeneza gari la kumfikia, na hawezi kulipanda. Wanasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Sisi hata kupanda kumetushinda.

Nikamwambia Upepo aache bati lake. Fungua zote.

Jumamosi, 9 Machi

Sina la kuandika. Mawingu kilimani. Nimekasirikia miguu yangu mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Mjukuu ana akili! Jana alipanda kule kwa miguu, kalipima jiwe kwa kijiti, kakikata sawa na urefu wake. Karudi na kijiti chake na salamu za Dada: anauliza kama nimekufa.

Leo kwa Upepo tumechagua kwa vipimo viwili. Chini, kijiti lazima kipite chini ya difu. Juu, goti langu lazima lifike. Rimu zile zile za zamani, tairi nyembamba, ndefu kiasi. Upepo anasema hata hivyo ndiyo nzuri, nyembamba inachimba tope inatafuta ardhi ngumu, pana inateleza juu juu kama mwongo. Majirani wakapanda tena, safari hii bila kuitwa. Usukani huku, usukani kule. Kimya, haigusi! Kijiti kimepita, imebaki nafasi ya kidole.

Mlangoni, mguu wangu umekosa kidogo tu. Fundi cherehani kakimbia, kaleta kigoda anachokalia kazini. Nikapanda kama malkia. Muuza mkaa kasema sasa tutamshushaje.

Jumatano, 13 Machi

Naandikia ndani ya gari, uani kwa Dada.

Tumepita! Kwenye jiwe mjukuu katia gia ya kwanza, pole pole, mimi nimefumba macho. Nimesubiri nga. Haikuja.

Dada alikuwa mlangoni. Hajanisalimu, kaanza kugomba: mdogo wangu, umekuja na ghorofa? Nikamwambia ni kwa ajili yako, mkaidi wewe. Akasema hajaomba. Kazunguka gari lote. Kapiga tairi kwa fimbo, moja moja, kama anachagua maboga. Akauliza chokaa ya chumba ni rangi gani. Nyeupe, nikasema. Kaguna.

Mjukuu kaweka kigoda. Dada anasema atapanda akitaka, asiharakishwe na watoto.

Mawingu yameshuka. Matone ya kwanza kwenye kioo.

Sasa kafungua mlango. Kanitazama. Fimbo yake kailaza kwenye kiti, hapa kando yangu. Mkono mmoja kashika mlango. Fimbo imepanda. Yeye bado.

Nafunga daftari nimshike mkono. Na wewe bibi, ukilifungua tena, usinianzie na mvua wala bei ya sukari. Anza na Dada. Tena usikawie!