Kifua kwa Kifua

Shoga, mchumba wangu amempiga mwalimu wa dansi mpaka jino limetoka!

Si unajua mama mkwe alitaka tufungue harusi kwa dansi la zamani, lile lenyewe? Mwalimu akanishika kifua kwa kifua, akasema, "Zamani hata upepo haukupita hapa katikati."

Mchumba akaingia. Ngumi! Ngumi tena!

Mama mkwe, aliyekuwa amekaa akitutazama, akamzaba mwanawe kibao. "Mjinga! Baba yako alinishika hivyo hivyo!"

Mchumba akamsukuma mama ukutani, mama akaanguka. Mama yake mzazi, shoga!

Kisha akanigeukia, ngumi imekunjwa. "Na wewe ulikuwa unacheka."

Mimi huyu nisiyejua kumjibu mtu nikasema, "Siolewi na wewe."

Mama mkwe, pale chini, akaninong'oneza, "Kimbia, mwanangu. Mimi sikukimbia."

Nakuja kwako peku. Nifungulie.