Maneno ya Katuni Yamemfukuza Mkamwana Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unijibu upesi, gazeti litoke kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo wakwe zetu wa Ndandalo wanakuja nyumbani kwa kikao, na kikao chenyewe mimi ndiye niliyekitengeneza kwa mdomo wangu ila hakuna anayejua. Usicheke. Yaani ukicheka cheka kidogo tu, mimi mwenyewe jana nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikaunguza usipa, dagaa wetu wa ziwani, halafu nikakumbuka mjukuu wangu hayupo, nikaacha.

Mimi naitwa Mama Lutengano, nakaa Kyela mjini, umri arobaini na saba, shule nimeishia la nne, kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka vumilia. Mume wangu ni Zebedayo, mtu wa mchele, anavusha mchele mpakani Kasumulu anauza Karonga kule Malawi, anarudi na vitu. Tangu biashara iachiwe huria nyumba yetu imejaa, tuna TV, tuna deki ya video, na mwaka jana akaleta gemu ile ya kuchomeka kwenye TV, ina pedi mbili za kubonyeza, watu wa ndani wanapigana wewe umekaa kwenye kochi. Na kanda. Mshauri, kanda ndizo zimetufikisha hapa. Katuni za Wajapani.

Sijui kama huko kwenu mnazijua. Ni watu wa kuchorwa, macho makubwa kuliko mdomo, pua hamna, nywele zimesimama, wanaongea Kizungu ila midomo inaendelea kuchezacheza hata maneno yakishaisha. Wakitaka kupigana hawapigani. Wanasimama, wanaangaliana, upepo unavuma, mmoja anasimulia utoto wake wote, halafu anataja jina la ngumi kabla hajaipiga, anaitangaza kama mtu wa mnada wa mitumba, na adui naye badala ya kukimbia anasubiri ifike. Kanda tatu nzima wanapigana jioni moja na jua halizami. Mimi nilikuwa nasema huu upuuzi gani, mpaka siku moja nikakaa kidogo tu nipumzishe mgongo, mshauri wangu, maharage yaliungua mara mbili wiki ile.

Majina yao hatuyashiki, tumewapa ya kwetu, na kwenye gemu wamo haohao. Yule mkubwa wa stori tunamwita Nanasi, kwa ajili ya nywele. Adui yake anavaa koti refu hata kwenye joto, basi huyo ni Koti. Nanasi akimshinda mtu anamsamehe, mtu anarudi anampiga tena. Koti hasamehi mtu, ila alimwacha mke wake mjamzito kijijini akaenda kutafuta upanga. Mimi upande wangu ni yule bibi anayeuza supu, maana katika wote wale ndiye peke yake anayefanya kazi, lakini hakuna anayeniuliza.

Sasa shida iko hivi. Mkamwana wangu Tusekile, mke wa mwanangu Lutengano, anakaa kwetu kwenye nyumba ndogo ya uani na mtoto wao Anyosisye, kwa sababu Lutengano yuko Tunduma kwenye kazi ya malori. Na kwetu Wanyakyusa, kama hujui nakwambia, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani, wakikaribia kukutana njiani mkamwana anapindia migombani na kanga kichwani mpaka mzee apite. Vijana wa siku hizi wengi wameacha, lakini Zebedayo ni mtu wa zamani na Tusekile kalelewa na bibi yake, kwa hiyo kwetu jambo hilo linashikwa hasa. Na TV ni moja. Na wote wawili, mshauri, baba mkwe na mkamwana wote wawili wamelewa hizo katuni kama pombe.

Tukapanga zamu. Asubuhi ya mzee, mchana ya mkamwana. Mzee akitoka anakohoa mara tatu uani, Tusekile akisikia anajua sebule iko wazi. Lakini mtu akishaangalia kitu kama kile anataka kukisema, na wao hawawezi kusemeshana, basi nikawa mimi.

"Mama Lutengano," Zebedayo anasema huku anakula, "kamwambie huyo mtoto wako, Nanasi ni mjinga. Mtu kakuchomea nyumba, unamsamehe, unampa na maji ya kunywa! Koti ndiye mwanaume."

Naenda uani. Tusekile anapepeta mchele. "Mama, kamwambie baba, Koti kwenye gemu anarusha moto kwa mbali kwa sababu anaogopa kusogea. Mtu jasiri anachagua Nanasi. Na mwambie kanda za mwanzo zilichorwa vizuri, hizi mpya wamechora mguu mmoja tu, wanauhamishahamisha."

Narudi ndani. Zebedayo anacheka mpaka anapaliwa wali. "Mguu mmoja! Kweli, nimeuona! Huyu mtoto ana akili. Ila mwambie ya Koti hajui kitu."

Ndivyo posta ilivyoanza, na mimi nikawa napita pale uani mara kumi kwa siku, hata miguu iliacha kuniuma. Sasa mshauri, wewe ni mwanamke mwenzangu, maneno makavu unayapelekaje? Nikawa natia chumvi. Mzee akisema huyu bado mdogo ataelewa tu, mimi namfikishia Tusekile kwamba "baba anasema nyie wa Ndandalo mtu akiwapiga mnamwandalia na chakula." Tusekile akisema mbona baba anapenda watu wabaya, mimi namfikishia mzee kwamba "anasema wazee mnawapenda wabaya kwa sababu mnajiona mle ndani." Wanakasirika kidogo, wanacheka, wananirudisha na jibu. Nyumba ilichangamka, majirani walikuwa wanakuja kusikiliza matokeo kama ya mpira.

Sasa. Zebedayo kila Alhamisi anavuka kwenda Karonga kubadilisha kanda na analala huko, anasema kwa shemeji yake. Alhamisi moja akaenda, Ijumaa akarudi, kanda mpya kwapani na shati limepigwa pasi. Limepigwa pasi, mshauri, mpaka mikononi kuna mistari. Alipoondoka lilikuwa limejikunja, mimi najua, pasi ya mkaa iko kwangu na sikuigusa. Nikaliangalia lile shati. Nikampakulia chakula. Ningeulizaje?

Kesho yake mchana Tusekile akaangalia ile kanda, ndipo Koti anakutana na mke wake aliyemwacha. Akatoka na machozi. "Mama, kamwambie baba, Koti alimwacha mke wake na mimba. Mwanaume gani huyo?" Alisema hivyo tu. Nakuapia hakuongeza neno.

Jioni nikaingia sebuleni, Zebedayo ameshika pedi, nikasema, "Mkamwana wako anasema unamtetea Koti kwa sababu na wewe una mke ng'ambo, na huko ndiko wanakokupigia mashati pasi."

Sijui yalitokaje. Yalitoka na sauti ya Tusekile kabisa.

Zebedayo akaweka pedi chini taratibu. "Tusekile kasema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kunihusu mimi, baba mkwe wake?"

"Mimi natumwa tu, baba Lutengano."

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akatuma mtu Ndandalo siku ileile kwamba mtoto wao amemtukana baba mkwe, waje wazee na ng'ombe wa kusafisha tusi, na kabla ya hapo asikanyage uani kwake. Na Tusekile hajui tusi ni lipi, hawezi kwenda kumuuliza mzee, akaniuliza mimi. "Mama, kwa ajili ya Nanasi? Baba ananifukuza kwa sababu nampenda Nanasi?" Na mimi, mshauri, nikasema ndiyo mwanangu, wazee ndivyo walivyo. Akamfunga Anyosisye mgongoni akaondoka na begi moja.

Lutengano ameleta salamu kutoka Tunduma, anasema kama nyumba yetu inafukuza watu kwa ajili ya katuni, atamchukua mkewe na mtoto moja kwa moja na hatutawaona. Zebedayo hagusi gemu, anakaa anaangalia TV imezimwa. Na Jumamosi kwenye kikao kila neno litarudiwa mbele ya wazee, nani alisema nini.

Mimi nimefikiria mambo mawili. Kwanza kuumwa siku hiyo. Pili kusema zile kanda zina pepo, maana hata kanisani walishasema katuni zina pepo, watu watakubali upesi na kanda zitachomwa, ila hata mimi sijaona mwisho wake, itaniuma. Nikisema ukweli mume wangu atanifanya nini, na nani atanituma tena? Nisaidie. Ndaga fijo, yaani asante sana. Jina langu liandike tu, hata ukilificha hapa Kyela watajua.

Mama Lutengano, Kyela

MSHAURI ANAJIBU

Mama Lutengano, pole. Na sasa nyamaza kidogo, zamu yangu.

Uliniomba nicheke kidogo, nimecheka sana, mpaka nilipofika pale binti anakuuliza kama amefukuzwa kwa ajili ya mtu wa kuchorwa, nawe ukaitikia ndiyo. Hapo nilitaka nipande gari nije Kyela nikuvute sikio.

Habari ya pepo iache hapohapo. Wajapani wako kwao wanachora macho, hata hawajui Kyela iko wapi. Mdomo ni wako. Ukichoma kanda, Jumatatu utapeleka maneno kwa habari ya maharage.

Unajua nyumba yako ilikuwa na nini? Mzee na mkamwana ambao mila haiwaruhusu hata kuonana walikuwa wamepata la kuongea kutwa nzima, bila kuvunja heshima hata kidogo. Mzee anapaliwa wali kwa kicheko cha neno la mkamwana! Ziko nyumba watu wanakaa kochi moja na hawana hilo. Wewe ulikuwa ndiyo njia yao, ukachimba mashimo njiani.

Ile chumvi ya mwanzo nakusamehe. Umeandika mwenyewe kwamba una wa kwako unayemshangilia na hakuna anayekuuliza. Hapo nilikuonea huruma. Ulitaka nawe uwemo kwenye mazungumzo. Ungekaa chini ukasema, wangekusikiliza.

Lakini shati si chumvi. Lile swali lilikuwa lako. Uliogopa kumuuliza mumeo, ukamvalisha mtoto wa watu. Na ulimchagua vizuri: ulimchagua yule mmoja asiyeweza kwenda mbele ya mzee kusema "mimi sikusema." Kama ungemsingizia jirani, angekuja mlangoni siku hiyohiyo. Umeichukua heshima ya yule binti ukaifanya kichaka cha kujifichia.

Na Zebedayo, kama anasoma gazeti, namwambia na yeye. Mzee, umetajiwa shati, hukujibu la shati, umeitisha ng'ombe. Mimi sijui nani anapiga pasi Karonga, inawezekana shemeji yako ni mtu nadhifu. Ila umekimbilia hasira upesi mno.

Mama Lutengano, Jumamosi usiisubiri, na kuumwa hutaumwa. Kesho asubuhi chukua baiskeli ya abiria nenda Ndandalo. Usibebe mchele wala kitenge, wasije wakakuonea haya wakakukatiza. Mwite Tusekile mbele ya bibi yake umwambie: baba hakukufukuza, nimekufukuza mimi. Mweleze alivyosema yeye na ulivyosema wewe, neno kwa neno, na usijitetee. Akilia mwache alie. Akikutukana, siku hiyo ana ruhusa.

Ukirudi mwambie mumeo kabla hujavua viatu. Maneno yasizidi haya: "Tusekile alisema Koti alimwacha mke wake. Ya shati niliyasema mimi." Kama mila inadai mnyama wa kusafisha tusi, atoke upande wako, wa Ndandalo hawana kosa. Na kwenye kikao yarudie hayohayo kwa sauti, wazee wote wasikie. Utaaibika. Utaaibika hasa, na miezi sita utasemwa kisimani, na wewe unajua wanavyosema, maana ulikuwa mnenaji mkuu. Lakini mjukuu atarudi. Na Lutengano akiamua hata hivyo kumpeleka mkewe Tunduma, msaidie kufunga mizigo na usitoe neno.

Umeniuliza nani atakutuma tena. Hakuna. Tusekile kasoma, mzee anasoma, nunua daftari liwekwe juu ya TV, wa asubuhi aandike, wa mchana ajibu. Wewe kulisoma ruhusa. Kalamu usiguse.

Limebaki moja, nalo ndilo lililokufanya uandike barua ndefu hivi. Kikao kikishapita na watu wakishaondoka, kaa na mumeo mkiwa wawili, umuulize habari ya lile shati. Kwa mdomo wako, kwa jina lako. Ukishauliza, nyamaza. Najua hapo ndipo patakuwa pagumu kuliko Ndandalo na kuliko kikao. Nyamaza mpaka ajibu. Na atakachokujibu, kiwe kitamu kiwe kichungu, ni chako. Usimpelekee mtu.

Mama Felista