Ndege wa Shaba

Buhongwa, Mwanza
Jumapili

Kaka Nathaniel,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alitulea hivyo, lakini leo haijatoka moyoni. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Ubelgiji. Sisi tu wazima, ukimtoa baba, ambaye mazishi yake uliyaangalia kwenye simu.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema huna haja ya shamba wala ng'ombe, unataka tu nikutumie ile saa ya jua ya shaba uliyomnunulia baba kwenye duka la vitu vya kale, kwani unafurahi kwamba ilimfaa. Hee, kaka! Ngoja nikueleze ilivyomfaa.

Kila asubuhi aliiweka juu ya kigoda uani, akaizungusha mpaka sindano ya dira ikae sawa na kaskazini, kisha akakisimamisha kile kibapa kinachotupa kivuli kwenye namba za saa. Yule ndege mdogo aliyechongwa pembeni yake huonyesha kwa mdomo digrii za mahali ulipo kutoka ikweta. Ukiwa mbali na ikweta unakiinua kibapa, ukiwa karibu unakilaza, la sivyo kivuli kinasema uongo. Mwanza tuko digrii mbili na kitu. Digrii za ndege wako zinaanzia arobaini, za huko Ulaya. Baba alimshusha mpaka ndege akagoma hapo hapo arobaini.

Basi asubuhi na jioni saa ikawa inajisemea tu. Mzee Masele, jirani yetu, akawa anapita kuuliza kama saa ya Ulaya imeshalewa. Baba anacheka, anamjibu kwamba mwanawe kamletea saa isiyokula betri. Mimi nafundisha jiografia, kaka. Niliona aibu, nikashika simu nikupashe.

Baba akanizuia. Kumbe alijua tangu wiki ya kwanza, alishailinganisha na redio. Akasema nikikuambia ni mbovu utatuma nyingine, na yeye hakutaka saa nyingine, alikutaka wewe. Ndiyo maana kila ulipopiga kuuliza kama inafanya kazi, alikujibu kwamba inafanya kazi vizuri sana, njoo uione. Wewe ukasikia kwamba inafanya kazi, ukashukuru, ukakata simu.

Nina hasira na wewe, sikufichi.

Msalimie wifi. Watoto waambie babu yao alikuwa akiwaulizia kwa majina. Saa siitumi. Ipo juu ya kigoda, pale pale uani. Inafanya kazi vizuri sana, njoo uione.

Ni mimi mdogo wako,
Selina